Nati Kumi na Mbili za Ukumbi Mkuu

Inspekta Jepkemboi alipiga magoti kwenye roshani ya Ukumbi Mkuu, akainama hadi shavu likakaribia sakafu, kama mtu anayetafuta kipuli kilichoingia chini ya kitanda. Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Kando yake palikuwa na pengo la mita nne ambapo hadi jana reli ya chuma ilikuwa imesimama. Chini ya pengo hilo, ukumbini, vilikuwapo viti viwili vilivyovunjika ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa.

Jana mchana kwaya ya Chuo Kikuu cha Koitobos ilikuwa ikifanya mazoezi ya mahafali ya Ijumaa. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, Joy, aliegemea reli ili amwone vizuri mwalimu wa kwaya, na reli ikaenda naye. Alivunjika paja na mkono. Daktari alisema viti ndivyo vilivyomwokoa. Joy mwenyewe, alipoulizwa hospitalini, alisema viti vile hatavisahau, na hakusema kwa shukrani.

"Afande, hii kesi ni ya dakika kumi," alisema Sajini Kipkoech. Alikuwa amesimama mbali na pengo, mgongo ukutani, kwa kuwa yeye na urefu hawakupatana tangu utotoni. "Mzee wa matengenezo alitia saini Jumamosi ati roshani iko sawa. Jumatatu imeanguka. Si tumchukue tu?"

"Na hakimu akiuliza ilianguka kwa nini?"

"Ilikuwa imelegea."

"Ililegezwa na nani?"

Kipkoech aliangalia dari. Jepkemboi hakupenda kesi za dakika kumi. Katika miaka kumi na minne ya upelelezi hapa Kitale alikuwa ameona kwamba kesi ya dakika kumi huchukua miezi sita kuitengua. Lakini leo hakuwa na hata siku nzima. Baraza la chuo lingekaa saa kumi jioni kumfukuza kazi Wanyonyi, mkuu wa matengenezo, na mkuu wa kituo alikuwa amemwambia Jepkemboi waziwazi kwamba saa hiyo hiyo mzee awe seli, au iwepo sababu nzuri ya kutokuwa seli.

Alirudisha macho kwenye vyuma. Reli ilishikiliwa na nguzo fupi. Kila nguzo ilikuwa na bamba chini yake, kila bamba lilipitishwa bolti nne zilizozama katika zege, na kila bolti ilikuwa na nati yake juu. Nguzo tatu ziliachia jana. Mbili ziling'oka kabisa, ya tatu ikalala upande, nati zake mbili zikiwa bado zimeng'ang'ania. Hizo mbili ndizo Jepkemboi alizokuwa akizitazama.

"Njoo uone."

"Naona kutoka hapa, Afande."

"Kipkoech."

Sajini alikuja kwa magoti. Jepkemboi alimwonyesha kwanza nguzo zilizokuwa bado zimesimama. Kila nati ilichorwa mstari mwembamba wa rangi ya kijani, ulioanzia mgongoni mwa nati ukashuka hadi kwenye bamba bila kukatika. Kisha akamwonyesha nguzo iliyolala. Kwenye bamba mstari wa kijani ulikuwepo. Ulitambaa hadi mahali nati ilipokaa, ukaisha. Nati yenyewe ilikuwa inang'aa, haina hata tone la rangi.

"Hizi nati si zile," Kipkoech alisema polepole.

"Si zile. Mtu amezibadilisha baada ya mstari kuchorwa. Sasa angalia pembe." Nati ina pembe sita. Katika kila nguzo iliyosimama, pembe moja ya kila nati ilielekea ukutani, zote sawasawa, kama askari kwenye gwaride. Na hizi mbili mpya, zisizo na rangi, nazo zilielekeza pembe ukutani. "Mgeni angezikaza zikae zitakavyo. Huyu alizipanga."

"Basi ni mtu wa hapa hapa. Wa mzee."

"Au mzee mwenyewe," alisema Jepkemboi, na hakufurahi kulisema.

Viatu vya kisigino vilisikika kwenye ngazi. Aliyekuja alikuwa Bi. Wamboi, naibu msajili na mwenyekiti wa kamati ya mahafali, mwanamke nadhifu mwenye simu mbili na haraka ya watu wanne.

"Inspekta, tunafunga hii leo, sivyo? Wazazi elfu sita wanakuja Ijumaa." Alizitazama nati kwa dharau. "Ninyi mnapoteza wakati. Ni nati za bei rahisi hizo. Mzee anazinunua kwa Rajinder pale mjini, kila mtu anajua."

"Jumapili ukumbi ulikuwa wazi?"

"Ulifungwa tangu Jumamosi mchana. Funguo ni tatu: moja kwa walinzi, moja kwa mzee, moja kwa kamati yangu. Ya walinzi haikutoka, angalieni kitabu chao. Yangu ilikuwa kwa mkoba wangu."

Jepkemboi aliangalia mbele, juu ya ukumbi. Jukwaa la mahafali lilikuwa limekwisha simama, na juu yake, usawa wa roshani, upinde mrefu wa chuma uliobeba nembo ya chuo na taa. Mwisho mmoja wa upinde ulikuwa umefungwa ukutani, hatua tatu tu kutoka kwenye pengo.

"Na huu upinde uliwekwa lini?"

"Jumamosi asubuhi," Bi. Wamboi alisema. "Kabla ya ukaguzi."

Jepkemboi aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, na saa pembeni.

*

Karakana ya matengenezo ilikuwa nyuma ya jiko kuu. Mlangoni palikuwa na ubao mweusi ulioandikwa kazi za siku kwa chaki: vyoo vitatu katika bweni la wasichana, paa la maktaba upande wa mvua, feni ya maabara, bomba lililopasuka nyumbani kwa mhadhiri fulani ambaye jina lake lilipigiwa mstari mara mbili. Ndani, spana zilitundikwa ukutani kwa ukubwa, kila moja juu ya kivuli chake kilichochorwa kwa rangi nyeupe. Hakuna kivuli kilichokuwa wazi bila jina la aliyechukua spana yake. Jepkemboi alifikiria kabati la vielelezo la kituo chake, akaona haya.

Mzee Wanyonyi alisimama kuwapokea. Alikuwa mfupi, mwenye miaka sitini kasoro kidogo, na koti lake la buluu la kazi lilipigwa pasi hadi mikono ikawa na makali.

"Karibuni. Kabla hamjaniuliza, naomba niulize mimi. Yule msichana ameamkaje?"

"Ameamka. Anaumwa."

"Jana nilikaa huko mpaka wakanitoa kwa wodi." Alivuta viti viwili, akavipangusa ingawa vilikuwa safi. "Sasa ulizeni."

"Una watu wangapi, Mzee?"

"Mafundi thelathini na nane. Majengo sitini na nne. Milango elfu tatu mia mbili na kumi, na ile inayolia naijua kwa sauti." Hakusema kwa majivuno. Alisema kama mtu anayetaja idadi ya watoto wake. "Nilikuja hapa nikiwa nachanganya simiti. Ukumbi Mkuu haukuwa na paa."

"Jumamosi ulipanda roshani, ama ulitia saini ukiwa chini?"

Macho ya mzee yalibadilika. "Goti langu linakataa ngazi. Lakini nilipanda. Nati mia moja na nne ziko pale juu, nikaziangalia zote."

"Na ile mistari?"

"Nati tukishaikaza tunaipiga mstari. Ikigeuka hata kidogo mstari unakatika, unaona ukiwa umesimama tu. Mwaka jana ilikuwa njano, mwaka huu kijani. Mwaka ujao itakuwa nyekundu, kama nitakuwa hapa."

"Nani huchora?"

"Yule anaweka saini. Fundi anaweza kukaza vizuri namna gani, lakini mstari si wake mpaka nije niangalie."

"Na ile pembe ya kuangalia ukuta?"

Mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Umeona? Watu wengi hawaoni. Hiyo haiko kwa kitabu. Ni adabu ya hapa kwetu tu. Vitu vikikaa kwa mpango, kosa linajitokeza lenyewe."

"Nati ikifunguliwa je?"

"Hairudishwi. Ndani iko na pete ya nailoni ya kushika, ukiifungua pete inachoka. Unaweka mpya. Ile ya zamani unaniletea mimi mkononi, nahesabu. Hapa hakuna nati inapotea."

Jepkemboi aliomba fomu ya ukaguzi wa Jumamosi. Ililetwa katika faili bila kutafutwa. Mwandiko ulikuwa mkubwa na wima. Saa sita na robo mchana: nguzo zote, sawa. Taa, sawa. Milango ya dharura, sawa. Na chini kabisa: *Jukwaa halijafika. Upinde usubiri Jumanne, nifungue reli mwenyewe.*

Jepkemboi alisoma mstari huo wa mwisho mara mbili, kisha akampa Kipkoech naye asome. Mtu mmoja kati ya wawili alikuwa anadanganya kuhusu Jumamosi, na mmoja wao alikuwa na karatasi.

Akatoa simu, akamwonyesha mzee picha ya nguzo iliyolala na nati mbili zisizo na rangi. Wanyonyi alivaa miwani. Aliitazama ile picha muda mrefu kuliko picha ya nati mbili inavyostahili. Kisha alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Unajua ni nani," alisema Jepkemboi.

"Najua si mimi."

"Kati ya mafundi thelathini na wanane?"

"Hakuna wa hao. Naweka mkono wangu hapa mezani."

"Basi nani?"

"Inspekta, andika vile unataka kuandika."

"Mzee, saa kumi wanakufukuza. Baada ya hapo mimi ninakufunga. Miaka yote hii, na jina lako litaandikwa kwa kosa la mtu mwingine."

"Jina langu liko pale juu." Alinyoosha kidole kuelekea ukumbini. "Nati tisini na mbili bado zimesimama. Zisomeni."

Walipotoka, alikuwa amekwisha geukia ubao, akifuta kwa kitambaa kazi moja iliyokamilika.

"Mkaidi," Kipkoech alisema.

"Hapana. Anamficha mtu. Na mtu mwenye kiburi cha namna hii hamfichi mtu yeyote tu."

*

Duka la vifaa la Rajinder lilikuwa katikati ya mji wa Kitale, barabarani pale ambapo tuktuk na bodaboda hugombania njia na malori ya mahindi. Rajinder, Singasinga mnene mwenye kilemba cha rangi ya zambarau, alisikiliza shtaka la Bi. Wamboi bila kupepesa macho. Kisha akamwita msaidizi wake ashike kaunta, jambo ambalo, alieleza, halikufanyika tangu harusi ya binti yake.

"Nati mbaya? Kutoka duka yangu? Lete hapa."

Jepkemboi aliweka juu ya kaunta nati moja kutoka kwenye mfuko wa vielelezo. Rajinder hakuigusa kwanza. Aliinama, akaitazama, akaguna. Kisha akachukua kipimo chenye majani membamba ya chuma, akajaribu moja, akajaribu jingine.

"Madam, hii ni nusu inchi. Thredi yake, hii mizunguko ya ndani, ni ya kizamani. Bolti za Mzee Wanyonyi ni milimita kumi na mbili. Namwuzia mimi mwenyewe. Tangu nimjue huyo mzee hajawahi nunua kitu ya inchi, hata msumari."

"Lakini iliingia kwa bolti."

"Si hapo ndio hatari iko. Inaingia." Alichukua bolti mpya ya milimita kumi na mbili, akaisokotea nati. Ilizunguka, ikashika. "Unaona? Unadhani iko sawa. Lakini imeshika na ncha tu. Mtu akiegemea..." Aliivuta kwa nguvu kwa koleo, nati ikachomoka na kuacha vumbi la chuma juu ya kaunta. Kipkoech, ambaye jana alimwona Joy wodini, aligeuza uso.

"Siku hizi nani ananunua nusu inchi?"

"Watu wa matrekta ya zamani. Na mafundi wa majukwaa, vyuma vyao ni vya zamani pia. Ijumaa iliyopita nimeuzia mmoja pakiti mbili. Wabwile, wa Sirisia." Rajinder alirudi nyuma ya kaunta, heshima ya duka ikiwa imerudi mahali pake. "Kijana mzuri. Si alifunzwa na huyo huyo mzee? Miaka minne sasa ametoka kujitegemea. Mzee alikasirika sana. Mpaka leo hawasalimiani."

Jepkemboi alirudisha nati mfukoni. Mtu aliyefunzwa kuelekeza pembe ukutani, na ambaye mkobani mwake kuna nati za nusu inchi tu. Hakuhitaji kipimo cha Rajinder kuona jinsi vitu hivyo viwili vilivyokaa pamoja.

"Washa gari," alimwambia Kipkoech. Ilikuwa saa sita kasoro.

*

Walipita Kimilili na Chwele bila kusimama, wakafika Sirisia saa saba na nusu. Karakana ya Wabwile ilikuwa mkabala na soko, yenye vyuma vya majukwaa vilivyopangwa kwa urefu na spana zilizotundikwa ukutani kila moja juu ya kivuli chake cheupe. Jepkemboi alivitazama vile vivuli kabla ya kumtazama mtu.

Wabwile alikuwa na miaka thelathini na kitu, mrefu, amevaa suti ya Jumapili siku ya Jumanne. Juu ya meza mbele yake palikuwa na mkebe wa maziwa ya unga, na kando ya mkebe, bolti na nati.

"Mulembe," Jepkemboi alisema.

"Mulembe, Madam. Nyinyi ni polisi ya Kitale." Alisimama. "Nilikuwa nakuja huko. Gari ya saa nane. Ni vile nilisikia asubuhi hii tu, mtu wa kwaya amenipigia. Huyo msichana ataishi?"

"Ataishi. Kutembea ndiyo madaktari hawajui."

Wabwile alikaa tena kama mtu aliyesukumwa.

"Nieleze Jumapili."

"Madam Wamboi alinipigia Jumamosi jioni. Ati anataka upinde uwe juu kabla ya Jumatatu, watu wa televisheni wanakuja kupiga picha ya mazoezi. Nikamwambia huo upinde haupiti kwa ngazi, lazima reli ifunguliwe, na reli ni ya Mzee. Akasema, 'Usimsumbue mzee, atatuchelewesha. Mimi ndiye chuo.' Jumapili baada ya kanisa akatufungulia na ufunguo yake mwenyewe. Nikafungua nguzo tatu. Tukasimamisha jukwaa, tukapitisha upinde. Nikafunga."

"Kwa nati zako."

"Kwa nati zangu." Alichukua bolti pale mezani. "Duka ya Rajinder Jumapili imefungwa. Nilikuwa na hizi tu kwa mfuko. Nilihisi inacheza kidogo, nikasema ni bolti imezeeka. Leo asubuhi ndio nimepima. Nusu inchi kwa milimita kumi na mbili. Hiyo ni kitu fundi anafunzwa siku ya kwanza, Madam. Ya siku ya kwanza."

"Kwa nini hukurudisha tu zile za zamani? Zilikuwa hapo mkononi mwako."

Wabwile alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini hakula kwa miguu.

"Nati ikifunguliwa hairudishwi."

Kama Wabwile angekuwa fundi mvivu, angerudisha nati za zamani, pete zimechoka kidogo lakini thredi ndiyo yenyewe, na huenda Joy angekuwa darasani saa hii. Alitii sheria ya mwalimu wake nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyomvunja mtu paja. Jepkemboi alimwonea huruma, na huruma hiyo haikubadilisha kitu.

"Na mkebe?"

Wabwile aliufungua. Ndani, juu ya kitambaa, palikuwa na nati kumi na mbili, kila moja na nusu ya mstari wa kijani mgongoni.

"Za zamani zinarudi kwake. Nilitaka kumpelekea Jumapili hiyo hiyo. Nilifika mpaka Matisi, mpaka kwa geti yake. Nikashindwa kubisha." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Miaka nne hajaniongelesha. Nikaona nitamwambia nini, ati nimefungua kazi yako bila kukuuliza? Nikatumia Madam Wamboi ujumbe."

"Ujumbe gani?"

Alitoa simu, akaitafuta, akampa. Jumapili, saa kumi na moja jioni: *Madam tumemaliza. Nati za nguzo tatu ni mpya. Tafadhali mwambie Mzee apande aangalie achore mstari kabla mtu yeyote hajasimama hapo.* Na chini yake, dakika mbili baadaye, jibu la neno moja.

Jepkemboi alilisoma neno hilo, akamwambia Wabwile achukue mkebe.

*

Walifika chuoni saa kumi na dakika tano. Chumba cha baraza kilikuwa na meza ndefu inayong'aa, wajumbe saba, Bi. Wamboi akiwa na faili, na Mzee Wanyonyi peke yake upande wa pili, koti lake la buluu likiwa na makali yale yale. Mwenyekiti alikuwa ameanza kusoma barua ya kumwachisha kazi. Jepkemboi aliomba dakika tano, kwa sauti ambayo haikuomba.

"Bi. Wamboi, uliniambia upinde uliwekwa Jumamosi kabla ya ukaguzi. Bado ni hivyo?"

"Ni hivyo."

Jepkemboi aliweka fomu ya mzee mezani, kidole chake juu ya maneno *Jukwaa halijafika*. Kisha akafungua mlango.

Wabwile aliingia na mkebe wake. Mzee Wanyonyi alimwona, na mikono yake, iliyokuwa imelala mezani tangu mwanzo, ilishuka magotini. Wabwile naye hakuthubutu kumtazama. Alieleza yote akiwa amesimama, hakupunguza kosa lake hata kidogo. "Nusu inchi" aliitamka mara mbili ili isikike.

"Huyu anatafuta wa kumlaumu," Bi. Wamboi alisema. "Mimi sikuambiwa kitu kuhusu nati."

"Alikutumia ujumbe, Madam."

"Nilikuwa na mambo mengi. Sikuuona."

"Ulijibu 'Sawa'."

Mwenyekiti wa baraza aliweka chini barua aliyokuwa ameishika. Bi. Wamboi aliitazama simu ya Wabwile mezani, kisha simu zake mbili, moja baada ya nyingine, na haraka yake yote ikamwishia.

"Ulijua jana saa nane mchana ni nini kimetokea," Jepkemboi alimwambia. "Ulijua, ukaleta faili ya kumfukuza mtu ambaye hukumpa nafasi ya kupanda ngazi. Wewe na Wabwile mtakuja nami kituoni. Makosa yenu si sawa, na sitayaandika kana kwamba ni sawa. Mzee Wanyonyi, wewe sina la kukushtaki. Nataka taarifa yako tu."

Mjumbe mmoja alimpongeza mzee kwa niaba ya chuo, akasema ni wazi sasa kwamba idara ya matengenezo haina doa. Jepkemboi alivuta kiti karibu na Wanyonyi, akafungua daftari.

"Ulimjua kwenye ile picha."

"Zile pembe," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Hakuna mtu alikuwa anamwona, Jumapili, watu wako kanisani, na bado akazielekeza ukutani. Nilijua ni yeye. Si ni mimi nilimfundisha."

"Ungekubali kufungwa kwa ajili yake?"

"Nilikuwa nangoja nione kama atakuja. Nikajua akija mwenyewe atasimama kama mtu. Akiletwa kwa kusemwa na mimi, hatasimama tena."

Jepkemboi aliandika. Kisha alifika kwenye swali ambalo fomu hulidai, na akalisema taratibu, akimwachia mzee mlango wazi. "Uhusiano wako na Wabwile. Naweza kuandika kwamba aliwahi kufanya kazi katika idara yako, akaondoka. Inatosha."

Chumba kizima kilikuwa kikisikiliza. Wabwile alikuwa ameinamisha kichwa.

"Andika ni fundi wangu," alisema Mzee Wanyonyi.

"Aliondoka miaka minne iliyopita."

"Andika ni fundi wangu. Amekosea kupima, na kupima ni mimi nilipaswa kumpigia kelele zaidi, hiyo pia uandike. Kortini nitakuja. Kwa huyo msichana tutaenda pamoja, yeye na mimi, leo kama daktari atakubali." Alisimama, goti likilia, akanyoosha mkono juu ya meza inayong'aa. "Lete."

Wabwile alizunguka meza, akamkabidhi mkebe kwa mikono miwili. Mzee alivaa miwani. Alizitoa nati moja moja, akazipanga juu ya meza ya baraza, akizigeuza hadi kila pembe ikaelekea ukutani, na hakuna mjumbe aliyemwambia aharakishe.

"Kumi na mbili," alisema. "Zimefika zote."